Kitabu Unafungua Mwenyewe

Naanza na hili ili tusisumbuane: Mwanatatu hajui kuangalia kitabu. Hakujua mwaka jana, hajui leo, na ukimjia na jogoo mweupe kwapani atakurudisha naye ulikotoka. Mimi ndiye jirani yake, fundi Salha, nashona sare za shule na mabuibui hapa Likoni, barabara ya kuteremkia sokoni. Banda langu liko kwenye kiwanja alichoniachia marehemu babangu, limeegemea nyumba ya watu, na chumba cha kwanza cha nyumba hiyo ndicho kilichokuwa duka la Mwanatatu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao zenye nyufa tu. Aliyekohoa kwake nilimsikia, kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Kwetu huku mtu akisema amekwenda kufunguliwa kitabu, hana maana kwamba amekwenda kusoma. Maana yake amekwenda kwa mwalimu, akaulizwa jina lake na jina la mamake, mwalimu akapiga hesabu zake, akafungua kitabu chake cha kurasa za manjano akakiangalia, akamwambia nani anamwonea kijicho na achinje kuku wa rangi gani. Kazi hiyo ina wenyewe na siwasemi vibaya. Lakini Mwanatatu ni muuza vitabu, vile vya kusomwa na watu wote.

Amezaliwa Mtongwe, kwa wazee wakulima wa mihogo na minazi. Alipotoka shule alivuka feri akapata kazi ya kufagia katika duka kubwa la vitabu mjini. Kutoka kwenye ufagio akapanda mpaka kaunta, na kutoka kaunta akawa ndiye anayeagiza vitabu. Hakuolewa mapema, na alipoolewa alimwambia mumewe siku ya kwanza kwamba kazi haachi, na yule bwana, Mungu amrehemu, hakuligusa tena neno hilo. Kisha duka likafungwa. Mwenye nalo akaenda kuishi ng'ambo kwa watoto wake, na pale mahali sasa panauzwa vifuniko vya simu. Wenzake walilia wakaenda nyumbani. Mwanatatu aliomba rafu. Akazipakia kwenye mkokoteni akavuka nazo feri, huku amezishika kwa mkono mmoja kama anayemvusha mgonjwa, akaja kuzisimamisha hapa kando yangu.

Miaka ya mwanzo Januari ilikuwa Januari. Wazazi walijaa mpaka mlangoni kwangu, nami nikiwapima watoto wao sare wakiwa wamesimama kwenye foleni yake. Halafu serikali ikaanza kupeleka vitabu vya masomo shuleni moja kwa moja, jambo jema kwa mzazi, ila foleni ilikatika. Vikabaki vitabu vya hadithi, na hivyo navyo vikaingia kwenye simu. Walimu wakawa wanavituma kwenye kundi la wazazi, usiku mmoja darasa zima lina kitabu na hakuna aliyekinunua. Wengine walikuja dukani kwake, wakatoa simu, wakapiga picha kurasa wanazozitaka, wakamwambia ahsante. Ahsante!

Sina ugomvi na simu, maana hata mishono mipya naitazama humo. Kinachonikera ni yale majivuno. Kijana mmoja mwalimu alisimama kaunta akamwonyesha Mwanatatu kioo cha simu yake. "Bi, humu mna vitabu elfu."

"Mashallah," Mwanatatu akamjibu. "Na wewe umesoma vingapi?"

Kijana akairudisha simu mfukoni, akaenda zake.

Masika ya mwaka jana mvua iliozesha kibao chake. Kilikuwa kimeandikwa DUKA LA VITABU, na chini yake BI MWANATATU. Upande wa juu kushoto, wenye maneno DUKA LA, ulianguka, naye kwa vile hatupi kitu akauokota akaenda kuuingiza chini ya rafu iliyokuwa imelegea mguu. Pale juu pakabaki VITABU, BI MWANATATU. Nilimwambia akitengeneze. Akasema kila mtu anajua anauza nini.

Muda si mrefu akaja Jafar. Jafar ndiye mwenye nyumba, kijana aliyerithi kwa babake, mwenye adabu zake na manukato yake. Alimwamkia vizuri, akaitikiwa, kisha akayatoa aliyokuja nayo.

"Bi Mwanatatu, kodi yako walipa, sina neno. Lakini chumba kimekufa. Watu wapita hapa wakitazama upande wa pili. Kuna kijana ataka kuweka simu, aweke na taa na muziki, pachangamke. Au weka simu wewe mwenyewe, ubaki."

"Simu wauza wangapi Likoni hii?"

"Wengi."

"Na vitabu?"

Jafar akafikiri. "Nadhani ni wewe tu."

"Basi wanitoa kwa sababu niko peke yangu," Mwanatatu akasema. "Haya. Mimi simu siweki. Kama wanitoa, nitoe."

Jafar akampa muda mpaka Idi ipite. Alipoondoka niligonga ukuta nikamuuliza Mwanatatu atakwenda wapi. Akanijibu haendi popote. Nilikasirika, kwa sababu najua kukaza shingo kwake, na najua pia kwamba nyumba ni ya Jafar.

Ndipo akaja Kaingu. Ni mwanamume mrefu, Mgiriama wa Kaloleni, kibarua wa kupakua magunia bandarini, amepanga chumba huku kwetu. Alipiga hodi kwa sauti ya chini, akavua viatu mlangoni. Hilo la viatu lingetosha kumshtua Mwanatatu, lakini alikuwa na furaha ya kumpata mteja.

"Mama, nimekuja kufunguliwa kitabu," Kaingu akasema.

"Karibu sana. Kitabu kipi?"

"Chochote unachoona chanifaa."

"Cha hadithi ama cha masomo?"

"Mama, wewe ndiwe wajua. Mimi naitwa Kaingu. Mama yangu aitwa Josephine."

"Mamako wa nini tena?"

Mimi upande wa pili nilikuwa nimeshaelewa, nimejiziba mdomo na kanzu ya watu. Kaingu akaeleza taratibu. Baiskeli yake imeibwa mlangoni kwake, baiskeli ndiyo inayompeleka feri alfajiri, anataka kujua mwizi ni nani. Ameona kibao hapo nje, VITABU, BI MWANATATU, akajua kumbe kuna mwalimu karibu.

Kisha nikamsikia Mwanatatu akivuta pumzi. "Mwanangu, baiskeli nenda karipoti polisi. Hapa nauza vitabu."

"Nimeambiwa walio wa kweli hukataa kwanza."

Hapo alipandwa na hasira. Nilisikia kitabu kikivutwa kutoka kwenye rafu na kutua kaunta kwa kishindo. "Wataka kufunguliwa kitabu? Kwangu kitabu unafungua mwenyewe. Fungua. Soma."

Alichokivuta kilikuwa hadithi ya mpishi wa meli. Mpishi huyo ameteremka bandari ya ugenini kununua vitunguu, kurudi gatini meli imeondoka na nguo zake zote. Kaingu alikaa kwenye benchi akasoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya mstari, mtu ambaye shule aliiacha zamani lakini hakuisahau. Anapokwama Mwanatatu anamsahihisha bila huruma. Alisoma mpaka adhana ya alasiri, mpishi bado yuko gatini na kikapu cha vitunguu, akafunga kitabu.

"Na mwizi?" akauliza.

"Humu hamna mwizi. Humu mna mpishi," Mwanatatu akasema.

Kaingu akarudia neno hilo taratibu, mpishi, akashukuru kwa mikono miwili, akavaa viatu akaenda. Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

Kicheko kiliniisha wiki iliyofuata. Baiskeli ilipatikana. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na kuegeshwa nyuma ya kibanda cha wali huko karibu na feri, na aliyeiiba ni nani, ni mpishi wa kibanda hicho. Sasa mfunge mtu mdomo. Mpaka Ijumaa, Likoni nzima ilijua kwamba Bi Mwanatatu alimtaja mwizi kwa kazi yake, na mpaka wiki iliyofuata habari ilikuwa imevuka maji.

Walikuja. Walikuja wenye ubani na wenye vitambaa vyeupe, wenye kesi za mashamba na wenye mabinti ambao hawajaposwa. Benchi lilijaa, wengine nikawakalisha kwangu. Kila mmoja Mwanatatu alimwambia ukweli ule ule, kwamba yeye ni muuza vitabu, na ukweli huo ukazidi kuwavuta, kwa sababu matapeli hawakatai. Aliyesisitiza alipewa kitabu afungue mwenyewe. Wako waliochukia wakaondoka. Wako waliokaa wakasoma ukurasa, wakasoma wa pili, wakasahau kilichowaleta.

Rahima wa Shelly ndiye aliyeleta jogoo. Mumewe yuko kazini Arabuni, naye Rahima anataka kujua kama ameongeza mke. Jogoo alimponyoka akapanda juu ya rafu ya atlasi, akatembea humo kama mwenye duka.

"Rahima, una simu?" Mwanatatu akamuuliza.

"Ninayo."

"Mpigie mumeo umuulize. Simu ina kazi yake, na kazi yake ni hiyo. Kisha mtoe jogoo wako kabla hajanichafulia bara la Asia."

Kuna waliotaka kununua. Mwanatatu alifurahi, mpaka alipomsikia mmoja akimwuliza mwenziwe kitabu kikae chini ya mto upande wa kichwa au wa miguu. Alimnyang'anya. Nasema alimnyang'anya, mtu ana pesa mkononi. "Kitabu hakilaliwi. Kama hukisomi, sikuuzii." Mwenye duka linalofungwa, anamfukuza mnunuzi. Nilitoka kwangu nikaenda kumkabili.

"Dada, Mungu amekufungulia mlango, wewe waufunga kwa teke. Huna haja ya kusema uongo. Nyamaza tu. Waache waamini wanavyoamini, wanunue, Jafar aone watu, ubaki kwenye chumba chako."

"Nikinyamaza, nitakuwa nauza nini, Salha?"

"Vitabu."

"Nitakuwa nauza hirizi zenye kurasa," akasema. "Nimekaa na vitabu tangu sina mvi. Wenye simu waniambia vimekufa. Hawa nao waviogopa. Ni watu gani watakaovisoma, kama mimi mwenyewe nitakubali viogopwe?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikiwa na hasira naye, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Neno moja tu la kunyamaza lingemtosha.

Jafar aliona watu, kama nilivyosema. Akaja siku moja mchana, safari hii amebeba halua. Alikaa kwenye benchi lile lile la Kaingu.

"Bi, yale ya Idi tuyaache. Ubaki. Yule kijana wa simu nitamtafutia pengine. Hapa pamepata sifa, hata wapangaji wengine wauza kwa sababu yako. Ila tu..." Akatazama rafu. "Hizi uzitoe. Zajaza chumba na zawachanganya watu. Weka mkeka, weka pazia, uweke kitabu kimoja kikubwa. Na siku yako ya kwanza, inshallah, wa kwanza kufunguliwa niwe mimi."

Niliacha kushona. Alikuwa anapewa chumba. Alichotakiwa ni kutoa vitabu, mara ya pili, na mara hii hakuambiwa aweke simu mahali pavyo bali pazia.

"Jafar mwanangu," Mwanatatu akasema, "shule ulisoma wapi?"

"Si hapa hapa Likoni."

"Na vitabu ulinunuliwa wapi?"

"Hapa. Marehemu baba alikuwa akinishika mkono."

"Nakukumbuka. Ulikuwa huwezi kungoja ufike nyumbani, wavisoma njiani waenda ukijigonga na watu. Wewe hujafunguliwa kitabu na mtu, wewe ulifungua mwenyewe. Leo waniambia niwawekee watu pazia. Halua yako nakushukuru. Rudi nayo."

"Basi Idi ni ile ile," Jafar akasema, na sauti yake haikuwa na manukato tena.

Alipoondoka Mwanatatu alipiga magoti, akauvuta ule ubao wa DUKA LA chini ya rafu, rafu ikainama upande. Akaazima brashi kwa mpaka rangi wa jirani. Mwanamke wa umri wake akapanda juu ya stuli, mbele ya watu waliokuja na ubani, akaugongomea ubao mahali pake, kisha chini yake akaandika kwa herufi nyekundu zinazoonekana mpaka kwa muuza madafu: HAPA KITABU UNAFUNGUA MWENYEWE. HATUANGALII. TUNASOMA. Akashuka akawageukia.

"Baiskeli ya Kaingu ilionekana kwa sababu mwizi ni mjinga, alijificha karibu. Kitabu hakikusema kitu. Anayetaka kusoma aingie. Anayetaka mengine aende salama."

Walikwenda. Nilitazama foleni ikimalizika, na nilipiga ukuta wangu kwa kiganja kwa uchungu. Kesho yake benchi lilikuwa tupu, na kesho kutwa pia, na Ramadhani ikaingia ikatoka hivyo hivyo. Jafar alipita mara mbili bila kutazama juu.

Idi ikapita. Siku ya kuhama wale vijana wa kubeba mizigo walisimama mlangoni wakagoma. Kibao wamekisoma, lakini habari za Likoni zina nguvu kuliko kibao, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa vitabu vya Bi Mwanatatu. Mmoja alisema mkono unaweza kukauka. Jafar alikuwa hapo, na kijana wa simu na maboksi yake, na jua limekaza. Mwanatatu aliwatazama wote. Najua alichokuwa nacho mkononi: angekohoa tu, angeminya macho, wangekimbia mpaka kule Ng'ombeni na chumba kingebaki chake. Nilimkodolea macho nikimwomba akohoe.

Alichukua kitabu cha juu kabisa akamwekea kifuani yule aliyesema mkono utakauka. "Fungua."

Kijana akafungua.

"Kimeandika nini?"

"Jinsi ya kufuga kuku wa mayai."

"Mkono umekauka?"

"Bado, Bi."

"Basi beba."

Nami nilikuwa nimeshachoka kukasirika peke yangu. Niliingia bandani kwangu, nikasukuma meza ya kukatia mpaka mwisho, nikarundika sare kwenye kamba, nikawaambia wale vijana wasipakie kitu kwenye mkokoteni. Kiwanja ni changu na hakuna Idi ya mtu itakayonitoa. "Leteni humu," nikasema. Mwanatatu akaniuliza nina hakika. Nikamwambia asinipotezee muda kabla sijabadilisha mawazo, na rafu ile yenye mguu mbovu isikae karibu na cherehani yangu.

Kibao alikigongomea mwenyewe juu ya mlango wangu, kizima, na neno lake jekundu. Sasa wanaokuja kupimwa sare wanapimwa katikati ya vitabu. Watoto wakingojea hawana pa kutazama pengine. Wengine hununua, wengi hawanunui, na anayetoa simu apige picha ukurasa namchoma na sindano.

Wiki ya kwanza kijana wa simu alifungua duka lake upande wa pili wa ukuta. Taa za rangi, na spika mbili zimewekwa mlangoni, mbao zote zinatetemeka. Adhuhuri moja mtu akaegesha baiskeli ya kijani hapa nje. Alikuwa Kaingu, na safari hii hakuvua viatu.

"Mama, nimekuja kufunguliwa kitabu," akasema.

Nilimrukia mimi. "Kaka, kibao hukukiona?"

"Nimekisoma chote, dada. Nataka kile cha mpishi. Nilimwacha gatini na vitunguu vyake, na mpaka leo sijui kama alirudi kwao."

Mwanatatu alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akamtolea, akamwekea mkononi kikiwa kimefungwa. Kaingu akakifungua mwenyewe, akatafuta ukurasa wake, akaweka kidole chini ya mstari akaanza. Hakusikika. Muziki wa upande wa pili ulikuwa umemeza kila neno. Akanyamaza akamtazama Mwanatatu.

"Mbona umenyamaza?" Mwanatatu akamwambia. "Pandisha sauti."

Kaingu akasafisha koo akaanza tena, na mimi nikaondoa mguu kwenye cherehani.